Mama Funguo na Doa la Ukutani

Mama Funguo alikuwa na tabia ya kurudi. Akishafunga mlango wa jengo la shirika huteremka ngazi, hufika penye jiwe wanapokaa wagonjwa kungoja zamu, kisha husimama. Hugeuka. Hurudi kulivuta kufuli aone kama kweli limeshika. Limeshika. Huteremka tena. Siku nyingine alirudi hata baada ya kufika nyumbani na kuvua viatu. Mumewe, fundi baiskeli, aliyefanyia kazi chini ya bati mbele ya nyumba yao, humwona akipita mbio mbio, naye bila kuinua kichwa humwambia, "Lisalimie kufuli. Liambie sisi huku wazima."

Yeye hakukasirika. Wasiwasi alizaliwa nao, kama wengine wanavyozaliwa na sauti nzuri. Hata ufunguo wenyewe aliupata kwa wasiwasi. Wakati shirika linajenga, alikuwa akienda kila jioni kuwauliza mafundi kama wamefungia saruji, kama wamefunika mchanga, kama ngazi haijaachwa nje. Mwisho msimamizi alichoka. "Mpeni huyu mama ufunguo," akasema, "na sisi tulale."

Jengo lilikuwa la matofali ya saruji, chumba kimoja kikubwa chenye mlango mbele na mlango nyuma. Shule na zahanati za karibu zote zilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ule ukijaa haumheshimu mkubwa wala mdogo. Shirika likataka kuleta vyote viwili upande huu, lakini uwezo ulikuwa wa jengo moja, basi jengo moja likabebeshwa kazi mbili. Siku za kawaida ni darasa. Kila mwezi, siku gari la shirika linapokuja, ni zahanati.

Anayeligeuza alikuwa Mama Funguo. Madawati huyasukuma ukutani, mawili mawili yatazamane, juu yake hutandika godoro la sponji lililovikwa plastiki. Hicho kitanda. Kamba huifunga kutoka dirisha hadi dirisha na kutundika shuka mbili za kijani. Hicho chumba cha wajawazito. Meza ya mwalimu huifuta kwa dawa mpaka inanuka hospitali, akatandika kitambaa cheupe, ikawa meza ya nesi. Jioni vyote hurudi vilivyokuwa, na kesho yake watoto husoma katika harufu ya spiriti. Mwalimu alipenda kusema, "Huyu mama siku akiugua, hatutajua mtoto tumpeleke kwenye hesabu au kwenye sindano."

Yeye mwenyewe aliacha shule darasa la nne, mama yake alipolala kitandani na wadogo zake wakahitaji wa kuwapikia. Kusoma alijua, ila polepole, midomo ikitangulia macho. Labda ndiyo maana mambo ya shule ya watoto yalimnyima usingizi kuliko mengine. Wakubwa wawili walishamaliza na kujitegemea. Alibaki wa mwisho, msichana, ambaye nyumbani waliita Kitinda kwa kuwa alikuja wakati mama yake ameshagawa nguo za kitoto na kusema basi.

Na Kitinda ndiye aliyekuwa akiharibikiwa.

Mwalimu alifundisha madarasa mawili katika chumba kimoja. Wadogo walikaa mbele, wakubwa nyuma karibu na mlango, ubao ukagawanywa katikati kwa mstari wa chaki, nusu ya hawa na nusu ya wale. Kitinda alipokuwa wa mbele alikuwa moto wa kuotea mbali. Alipopanda darasa na kuhamia nyuma, akili yake kama iliachwa kule mbele. Daftari lake likawa na mistari mitupu, au na maneno ambayo hayakuwepo ubaoni.

"Nikimuuliza kwa mdomo ananijibu vizuri tu," mwalimu alimwambia Mama Funguo wakiwa mlangoni. "Nikimwambia aandike yaliyo ubaoni, anatunga yake."

Wifi yake, dada wa fundi, ambaye alikuja kila alasiri kunywa chai na kuwatengenezea watu maisha yao, alikuwa na maelezo. "Akili ni kama mafuta ya taa, wifi. Wengine wamejaziwa chupa, wengine wametiwa cha kuonjea."

"Na wewe walikutilia kwenye nini?" fundi akauliza kutoka nje.

"Mimi sikusemi wewe, kaka. Naongea na mke wako."

"Ndiyo, na bati halina masikio."

Mama Funguo alimimina chai. Alikuwa amemchunguza mtoto kwa muda mrefu kuliko wote hao. Alimwona akipapasa sindano iliyoanguka badala ya kuitazama. Alimwona akimsalimia mbuzi wa jirani aliyefungwa njiani, "Shikamoo bibi," kisha akacheka kama aliyefanya makusudi. Mama mwingine angecheka naye. Huyu aliweka moyoni.

Wiki ile mwalimu alimwita tena. "Safari hii gari litakuja na yule bwana wa macho. Atawapima watoto wote. Ikiwa ni macho, tutajua. Ikiwa si macho, mama, itabidi nimrudishe na wadogo. Siwezi kumwacha nyuma kule akae kama mgeni."

"Na akirudishwa?"

Mwalimu alikunakuna chaki kidoleni. Wote wawili walijua. Mtoto mkubwa akirudishwa na wadogo, husoma juma hili, juma linalofuata anaumwa tumbo, la tatu yuko shambani na jembe. Kitinda alikuwa ameshasema mwenyewe, akiosha vyombo, bila kulia: "Nikirudishwa mbele siendi tena, mama. Usinilazimishe."

Jioni ile Mama Funguo akamwomba Mungu kitu ambacho mama haombi. Aliomba macho ya mwanawe yawe mabaya.

Sasa kuna jambo la doa. Bati la jengo lilivuja pembeni mwa ubao, na maji yakachora ukutani doa kubwa la rangi ya chai. Mama Funguo alilisugua, akalipaka chokaa, likarudi. Mwanzoni mwa mwaka bwana wa macho alikuja kuwatazama wazee wenye mtoto wa jicho, na alipoondoka alimwachia karatasi ngumu ya kupimia: herufi kubwa moja juu, kisha mistari inayozidi kuwa midogo kwenda chini. Akamwambia aitunze kabatini mpaka atakaporudi. Vyote vya zahanati hukaa kabatini, hiyo ndiyo sheria, na nesi huikumbusha kila mwezi kama anasoma sala.

Lakini wiki ile ile aliyoondoka, wakubwa wa shirika walikuwa wanakuja kuliona jengo lao. Mama Funguo akalitazama doa, doa likamtazama. Akatoa karatasi kabatini akaitundika juu yake. Wakubwa wakaja, wakasifu usafi, wakaenda. Karatasi ikabaki. Ukuta ulikuwa umependeza. Mwalimu alidhani ni zawadi ya shirika, na kwa kuwa darasa halikuwa hata na kalenda, akachukua fimbo akawa anawafundishia wadogo herufi hapo hapo. Siku za gari Mama Funguo huishusha, akaifuta vumbi, akairudisha kabatini, na gari likishaondoka huitundika tena. Hakuona ubaya. Yeye aliogopa wezi, moto, mchwa na mto. Karatasi hakuiogopa.

Siku ikafika. Gari lilikuja limechafuka matope hadi madirishani, wakashuka nesi na boksi lake la chanjo, bwana wa macho na mkoba wake, na dereva na malalamiko yake.

"Shikamoo, daktari," alisema Mama Funguo.

"Marahaba, mama. Wazee wangu wanaonaje?"

"Mmoja ameanza kuchagua wachumba."

"Basi nilimrekebisha kupita kiasi."

Bwana wa macho alikuwa mtu mzima mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine imening'inia kifuani kwa uzi. Alichukua karatasi kabatini, akaitundika kwenye msumari ule ule kwa kuwa ulikuwepo, akachora mstari wa chaki sakafuni mbali nayo, na watoto wakapanga foleni, kila mmoja akifunika jicho kwa kikombe cha plastiki. Wakasoma. Wakasoma wote. Wa kwanza hakukosea, wa pili hakukosea, na wale wa mwisho walisoma hata mstari mdogo kabisa bila kukunja uso.

"Nimezunguka vijiji vingi," alisema bwana wa macho, "sijaona macho kama haya. Mnawalisha nini huku?"

"Upepo," akasema dereva kutoka mlangoni. "Njiani sikuona kingine."

Zamu ya Kitinda ikafika. Mama Funguo alikuwa amesimama nyuma ya shuka ya kijani, ameshika ndoo ambayo haikuwa na kazi. Mtoto akafunika jicho la kushoto, akainua kidevu, akataja herufi zote toka juu hadi chini, kichwa kikitikisika kidogo. Akabadilisha jicho. Akataja tena.

"Mzima," alisema bwana wa macho. "Anayefuata."

Mama huambiwa mtoto wake mzima akashukuru. Mama Funguo aliiweka ndoo chini, akaona mwalimu akimtazama, kisha mwalimu akainamisha macho. Kitinda alipita katikati yao akatoka nje.

Alasiri mawingu yalikuwa yamesimama juu ya mto. Dereva alishawasha gari mara moja na kulizima, ili watu wajue. Nesi alifunga boksi lake, bwana wa macho akafunga mkoba, wakaagana na watu, na Mama Funguo akabaki peke yake chumbani kurudisha darasa. Akakunja shuka. Akafungua kamba. Akaondoa magodoro. Nje wasichana walikuwa wanaruka kamba, ile kamba aliyowatengenezea fundi kwa tyubu kuukuu za baiskeli, na wimbo wao wa siku zote ulikuwa unaingia dirishani. Ameusikia miezi mingi. Kwake ulikuwa sauti ya alasiri tu, kama kuku.

Akaishusha karatasi kuifuta. Hakuwahi kuisoma, kwake ilikuwa pambo. Leo, kwa kuwa ilikuwa imemhukumu mwanawe, aliitazama kama mtu anavyomtazama usoni aliyemkosea. Midomo ikaanza, polepole, kama kawaida yake.

E, ilisema midomo yake.

E, wakasema wasichana nje, na kamba ikapiga chini.

He, ne.

He, ne, wakaitika nje.

De, fe, te. Pe, u, o, ze. Kamba ilizidi kasi kadiri herufi zilivyozidi kuwa ndogo, na sauti iliyokuwa juu ya zote, iliyoongoza wimbo, ilikuwa ya Kitinda.

Mama Funguo akakaa kwenye dawati. Watoto walioisoma karatasi ile kila siku kwa fimbo ya mwalimu waliifanya wimbo, na wimbo haudai macho. Mtoto aliyekaa nyuma kabisa, asiyeona hata ubao, aliupokea kwa masikio. Leo hakuna aliyepimwa. Wameimba tu.

Na aliyewafundisha wimbo alikuwa yeye, yeye na doa lake.

Gari likawashwa, safari hii bila kuzimwa. Alijua nesi ni mtu wa namna gani. Chombo cha zahanati nje ya kabati, miezi yote hiyo, na kazi ya siku nzima imeharibika. Ufunguo uliokuwa shingoni mwake aliuhisi mzito. Kwa ufunguo huo watu walimjua. Kabla yake alikuwa mke wa fundi tu. Angeweza kunyamaza. Karatasi ingeingia kabatini na bwana wa macho angeondoka akisimulia kijiji chenye macho ya tai. Na Kitinda angekaa mbele na wadogo, juma hili, na juma linalofuata angeumwa tumbo.

Akatoka na karatasi mkononi.

Hakusimama penye jiwe. Alikata njia ya nyuma ya nyumba, sketi ameishika, na fundi alipomwona akitokea alisema kama kawaida yake, "Umelisahau kufuli?"

"Sijafunga," akasema. "Mlango uko wazi. Zuia gari."

Fundi akainua kichwa. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia akisema mlango uko wazi. Hakuuliza. Alichukua baiskeli ya mteja iliyokuwa imesimama tayari kuchukuliwa, akailaza katikati ya njia, yeye akasimama kando yake na spana.

Gari likafika likasimama. Dereva alitoa kichwa. "Fundi, hiyo ni kazi au ni mtego?"

"Muulize mwenye nyumba."

Mama Funguo alifika dirishani akihema, akaiinua karatasi. "Daktari, watoto wale hawakuona. Walijua. Karatasi yako sikuiweka kabatini. Niliitundika darasani kuficha doa, tangu ulipoiacha, na wao wameigeuza wimbo wa kamba. Wangu hata ubao haoni. Naomba umpime kwa kitu kingine."

Nesi aliyekaa nyuma akasogea mbele. "Karatasi ya zahanati ilikuwa inaficha doa?"

"Ndiyo, nesi."

"Na mimi nilifundishia," ilisema sauti nyuma yao. Mwalimu alikuwa amemfuata mbio, chaki bado sikioni. "Kila asubuhi. Nilidhani ni yetu."

Bwana wa macho alivua miwani ya puani, akaifuta kwa shati, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Mabega yakaanza kumtikisika. "Nilijua tu," alisema. "Macho ya tai hayaji kijiji kizima."

"Mto, jamani," akasema dereva.

"Mto una kazi yake na mimi nina yangu. Zima gari."

Wakarudi wote. Kwenye mkoba wake kulikuwa na kadi yenye alama moja tu, mfano wa kitana chenye meno matatu. Aliigeuza meno yatazame juu, au chini, au upande, na mtoto alitakiwa aoneshe kwa mkono meno yanaelekea wapi. "Hii haina wimbo," alisema.

Kitinda alisimama kwenye mstari wa chaki. Kadi ikainuliwa. Akanyosha mkono juu, akausitisha, akauleta kushoto. Yalitazama chini. Kadi ikageuzwa. Akakosa tena. Bwana wa macho akamsogelea, akainua kadi, mtoto akakosa. Akamsogelea tena, na tena, mpaka walipokaribiana kama watu wanaonong'onezana siri, na hapo mkono ukaenda sawa bila kusita.

Kitinda akamtafuta mama yake kwa kichwa, akageukia upande ambao sauti yake ingetoka. Machozi yalikuwa tayari. "Nimekosa, mama?"

"Umekosa, mwanangu," alisema Mama Funguo. "Umekosa vizuri sana."

Wengine wachache nao walikosa, akiwemo mtoto wa wifi yake, aliyesifiwa siku zote kwa chupa yake iliyojaa. Fundi, aliyekuja kutazama na spana yake, alisema hilo angeliweka mpaka wakati wa chai.

Watu walipoanza kutoka nesi alimwendea Mama Funguo akanyosha mkono. Mama Funguo alielewa. Aliuvua ufunguo shingoni akamwekea kiganjani, akashangaa jinsi ulivyokuwa mwepesi.

Nesi aliutazama. Akaenda kwenye kabati lililoachwa wazi, akaweka karatasi ndani, akalifunga, akavuta mlango wake kuona kama umeshika. Kisha akarudi akamrudishia.

"Miaka yote najiuliza kwa nini hapa hakijawahi kupotea kitu," alisema. "Nitafute mwingine wapi? Lakini karatasi ikae ndani, mama. Ukuta uache na doa lake."

Gari lilivuka mto maji yakiwa magurudumuni. Kesho yake mwalimu alihamisha dawati, si mtoto. Kitinda aliletwa mbele kabisa, pembeni, karibu na nusu ya ubao ya wakubwa, akasoma masomo ya darasa lake mwenyewe huku wadogo wakimpisha kama mgeni wa heshima.

Miwani ilikuja na gari la mwezi uliofuata, katika kikasha kinachofungwa kwa mlio. Mama Funguo alianza kuiogopa hata kabla haijavaliwa. Itaanguka. Itakaliwa. Itaazimwa. Fundi akakata ukanda mwembamba wa tyubu, akaufunga ncha hii na ncha ile ili miwani ishike kichwani, akasema hata mtoto akipinduka juu chini miwani itabaki na msimamo.

Jioni ile, madawati yakishapangwa, Kitinda aliingia darasani kumsaidia mama yake kukunja shuka. Alisimama katikati ya chumba, miwani puani, tyubu imemzunguka kisogoni.

"Mama, hili doa ni la nini?"

"Doa gani?"

"Hili hapa ukutani. Limekuja lini?"

"Lilikuwepo siku zote."

"Kubwa hivi?" Mtoto akalikaribia, akarudi nyuma, akalikaribia tena. "Na mlikuwa mnaliona?"

"Bati linavuja."

"Basi baba si azibe."

Mama Funguo alifunga mlango wa nyuma, akafunga wa mbele, wakateremka ngazi. Kitinda akatangulia, akikimbia kwa mara ya kwanza katika njia ile bila kunyosha mikono mbele. Walipofika penye jiwe mama akasimama. Akasita. Kisha badala ya kugeuka nyuma aliita.

"Kitinda. Hebu nigeukie."

Mtoto akageuka. Miwani ilikuwa puani.

"Haya, nenda."

Walipopita penye bati la fundi aliita tena, na mtoto akageuka tena, na miwani ilikuwa pale pale. Fundi alikuwa ameinamia gurudumu. "Taratibu, mama watoto," alisema. "Kufuli litaona wivu."